Kompyuta Inayofia Usingizini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa zaidi kwenye meza yetu ya ufundi mjini Kisumu. Huletwa na walimu, makarani, wenye saiba na wanafunzi wa vyuo, kutoka Kondele hadi Busia, na mara nyingine kutoka Nakuru kwa gari la asubuhi. Lalamiko ni lile lile: kompyuta iliachwa imelala, ikakutwa imekufa. Majibu yanahusu zaidi Windows 10 na Windows 11 kwa sababu ndizo nyingi huku kwetu; Linux na Mac zina swali lao karibu na mwisho.

## Mambo ya msingi

1. Kompyuta ikilala, ni nini hasa kinachoendelea ndani yake?

Katika usingizi wa kawaida, ambao kwa lugha ya kiufundi huitwa S3, prosesa, diski na skrini hukatiwa umeme, lakini RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi iliyo wazi, huendelea kulishwa. RAM ni sahaulifu mno. Aina za DDR3 na DDR4 hulazimika kuhuishwa upya kila baada ya milisekunde 64, la sivyo data iliyomo huyeyuka. Kwa hiyo kila ulichokiacha wazi, iwe ni barua au orodha ya alama za wanafunzi, kinaning'inia kwenye uzi mwembamba wa umeme, na uzi huo ukikatika hata kwa sekunde moja hakuna cha kurejesha.

Majina haya ya S3 na wenzake yanatokana na kanuni za ACPI, zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mnamo Desemba 1996. S4 ndiyo haibaneti: yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski katika faili kubwa iitwayo hiberfil.sys, kisha mashine huzimika kabisa, na hapo stima haina cha kuharibu. Kuna pia usingizi wa kisasa, ambao prosesa haizimwi bali hupunguziwa kazi, na kompyuta hulala kama simu inavyolala, ikipokea barua pepe na kusasisha programu. Microsoft iliuanzisha katika Windows 8 mwaka 2012, na laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina S3 tena.

2. Nitajuaje mashine yangu hutumia usingizi wa aina gani?

Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika `powercfg /a`, kisha ubonyeze Enter. Utaona orodha ya aina za usingizi zinazopatikana, na chini yake zile zisizopatikana pamoja na sababu. Ukiona S3 katika orodha ya juu, una usingizi wa kawaida. Ukiona S0 Low Power Idle, una ule wa kisasa, na jibu la swali la 12 linakuhusu kuliko mengine.

3. Nitatofautishaje kompyuta iliyokufa na ile iliyokataa tu kuamka?

Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mteja ajiulize kabla ya kugusa kitufe chochote, kwa sababu dakika mbili za kutazama huokoa siku nzima ya kubahatisha. Taa ya usingizi inawaka, au inapepesa polepole kama mtu anayehema? Feni inasikika? Bonyeza Caps Lock: je, taa yake inawaka na kuzima? Ikiitikia, kompyuta iko hai na kilicholala ni skrini peke yake. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Amri hiyo huanzisha upya draiva ya skrini, yaani programu ndogo inayoiendesha, bila kufunga kazi yako. Mara nyingi picha hurudi hapo hapo.

Ikiwa taa zinawaka na feni inazunguka, lakini Caps Lock haiitikii, mashine imeganda ilipokuwa ikijaribu kuamka. Hiyo kwa kawaida ni kazi ya draiva, na utaifuatilia katika swali la 10. Ikiwa hakuna taa wala sauti, na ukibonyeza kitufe cha kuwasha unakutana na nembo ya kampuni na Windows inayoanza upya, basi RAM ilipoteza umeme au mashine ilijizima. Hapo anzia stima, yaani maswali ya 4 hadi 8.

Hali hizi tatu hupewa jina moja, "imezima", na ndiyo sababu mtu hubadilishiwa madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ilhali tatizo lilikuwa draiva.

## Stima na betri

4. Laptopu ina betri. Stima ikipotea usiku, si betri itaushikilia usingizi?

Itaushikilia kama ni betri kweli. Mashine nyingi zinazouzwa huku ni zile za ex-UK, ambazo zimefanya kazi miaka kadhaa ofisini kabla ya kuvuka bahari, na betri zake zimechoka. Mwenye nayo huzoea kuiacha kwenye chaja siku zote na kuifanya kompyuta ya mezani bila kujua. Akiitumia, haoni kasoro. Stima ikikatika usiku, betri inashindwa kubeba hata ule mzigo mdogo wa RAM, na asubuhi analaumu Windows.

Katika Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`. Windows itakuambia mahali ilipoweka ripoti. Ifungue, kisha ulinganishe kiwango cha kiwandani, kilichoandikwa Design Capacity, na kile ambacho betri inaweza kubeba leo, Full Charge Capacity. Tuseme cha kwanza ni mWh 50,000 na cha pili ni mWh 9,000: hiyo si betri tena, ni kizibo cha kujaza nafasi. Kipimo cha pili hakihitaji kusoma ripoti. Lalisha kompyuta, chomoa chaja, subiri dakika 20, kisha uiamshe. Fanya hivyo ukiwa umehifadhi kazi yako.

Wengi wanaikumbuka Ijumaa ya Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima usiku. Lakini si giza la saa nyingi linaloua usingizi wa kompyuta mara kwa mara. Ni ule mkatiko wa sekunde mbili, taa zikapepesa, feni ya dari ikapunguza mwendo na kurudi, na asubuhi hakuna anayekumbuka kuutaja.

5. Kompyuta yangu ya mezani haina shida mchana kutwa, lakini ikilala haiamki. Kwa nini?

Mtuhumiwa wa kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea stima ya volti 240 na kuigawa ndani ya mashine. Kisanduku hicho kina njia kuu, zinazofanya kazi kompyuta ikiwa macho, na njia ndogo ya volti 5 ambayo hubaki hai wakati wote soketi ikiwa na stima. Kompyuta ikilala, njia kuu hufungwa, na RAM pamoja na vifaa vya kuamsha hutegemea ile ndogo peke yake. Kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme) za njia ndogo hufanya kazi saa 24 kwa siku, kwa hiyo ndizo huchakaa mapema. Matokeo yake ni mashine inayofanya kazi vizuri siku nzima na kufa mara tu inapokabidhiwa kwa njia hiyo dhaifu.

Fundi mwenye mita ataipima njia ya volti 5 kompyuta ikiwa imelala, si ikiwa macho. Ukimwona anapima ikiwa macho na kusema "iko sawa", mwombe kwa upole ailalishe kwanza. Tafadhali usifungue kisanduku hicho mwenyewe: kapasita kubwa zilizomo hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

6. Mbona inakufa karibu saa ile ile kila usiku?

Kompyuta haina saa ya kufa, lakini watu wana ratiba. Tulihangaika wiki mbili na mashine ya ofisi ya shule moja. Tulibadilisha draiva, tukapima RAM, mpaka mmoja wetu akabaki pale jioni. Saa mbili kasorobo mlinzi alipita akizima soketi za ukutani moja baada ya nyingine, kama alivyoagizwa, ili kubana matumizi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kompyuta iliyolala inahitaji stima, na kwa kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Angalia pia tokeni. Mita ya kulipia kabla ikiisha saa nane za usiku, na mwenye nyumba akaijaza alfajiri kabla hujaamka, utakuta taa zinawaka kama kawaida na kompyuta imepoteza kila kitu.

Ikiwa soketi haiguswi na tokeni zipo, kagua kama Windows yenyewe ilijiwasha usiku kusasisha programu kisha ikaanza upya. Huko si kufa. Tazama tukio nambari 1074 katika jibu la swali la 9.

7. Nina UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, au ninatumia sola yenye inveta. Bado inakufa. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu ya wema uliopitiliza. Baadhi ya inveta zina hali ya kubana matumizi ambayo mzigo ukiwa mdogo mno, huzima njia ya kutolea umeme na kubaki zikichungulia mara kwa mara kama kuna kifaa kinachohitaji. Kompyuta iliyolala hutumia wati chache tu. Inveta ikaona nyumba imelala, nayo ikalala. Baadhi ya UPS hufanya vivyo hivyo zikiwa kwenye betri. Soma kitabu cha kifaa chako na uizime hali hiyo, au uache balbu ndogo ikiwaka kwenye inveta kama chambo. Njia nyepesi kuliko zote ni kutumia haibaneti, iliyoelezwa katika jibu la swali la 14.

Jambo jingine ni umri wa betri ya UPS. Ilalishe kompyuta, chomoa UPS ukutani, uhesabu dakika. Ikilia mara tatu na kuzima, una kipaza sauti, si UPS.

8. Radi zikianza, je, kompyuta iliyolala iko salama kuliko iliyo macho?

La. Kuanzia Kakamega hadi Kisii, mvua za alasiri huja na radi kwa wingi, na kompyuta iliyolala imeunganishwa na waya wa ukutani sawasawa na iliyo macho. Hata iliyozimwa ina ile njia ya volti 5 iliyotajwa katika swali la 5. Chomoa chaja, na usisahau waya wa mtandao ukiwa unatumia ruta. Tumeona mashine zilizochomolewa stima zikipigwa kupitia waya wa mtandao.

## Kuusoma ushahidi

9. Nitajuaje kilichotokea usiku nikiwa nimelala?

Windows huweka daftari la matukio. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `eventvwr`, kisha ufungue Windows Logs na System. Daftari hilo limejaa maonyo ambayo hayana maana yoyote, na mtu mwenye wasiwasi anaweza kulisoma hadi akaugua. Tafuta nambari hizi tu.

Nambari 42 kutoka Kernel-Power ni mashine kuingia usingizini. Nambari 107 ni kuamka. Kwenye mashine zenye usingizi wa kisasa, kuingia na kutoka huandikwa 506 na 507. Nambari 1074 ni kuzimwa au kuanzishwa upya kwa utaratibu, na inataja programu iliyoomba. Nambari 6008 inasema kwamba mashine ilizimika bila kutarajiwa, na inataja saa. Kisha kuna nambari 41, ambayo watu hupigia simu wakisema, "Fundi, nina kosa la 41." Hilo si kosa, ni Windows inayosema kwamba imeamka na kukuta haikuzimwa vizuri. Huandikwa mashine inapowaka tena, kwa hiyo saa yake ni ya kufufuka, si ya kufa.

Thamani ya nambari 41 iko ndani yake. Ifungue, bonyeza Details, usome vipengele vitatu. BugcheckCode ikiwa sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote: ama stima ilikatika, ama mashine iliganda kabisa. Ikiwa si sifuri, Windows yenyewe ilianguka na kuacha msimbo. Nenda swali la 10. PowerButtonTimestamp ikiwa si sifuri, kuna mtu aliyebonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia, maana yake mashine ilikuwa na umeme lakini haikuamka. Na SleepInProgress ikionyesha thamani isiyo sifuri, jambo lenyewe lilitokea mashine ikiwa katika safari ya kuingia usingizini au kutoka. Vipengele hivi vitatu vikiandikwa kwenye karatasi vina faida kuliko maelezo ya nusu saa.

10. BugcheckCode yangu ni 159. Ina maana gani?

Daftari huandika msimbo kwa tarakimu za kawaida, ilhali skrini ya buluu na maelezo mengi hutumia hesabu ya kumi na sita. 159 ni 0x9F, inayoitwa DRIVER_POWER_STATE_FAILURE: kuna draiva iliyoambiwa ilale au iamke, ikachelewa kupita kiasi. Huu ndio msimbo wa kawaida zaidi katika matatizo ya usingizi. 160, yaani 0xA0, nayo ni hitilafu katika usimamizi wa umeme, na mara nyingi huhusu haibaneti na diski.

Ili kuijua draiva yenyewe, angalia kama kuna faili katika `C:\Windows\Minidump`. Nakili hizo faili kabla hujaanza kusafisha diski kwa programu za kusafishia, kwa maana hizo hufuta ushahidi kwanza. Fundi anaweza kuzisoma na kukutajia jina la draiva.

11. Nianze na draiva ipi ikiwa hakuna jina lililotajwa?

Anza na ya skrini, kisha ya Wi-Fi, kisha ile ya chipu za madabodi, halafu vifaa vya USB. Zichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine kwa kutumia nambari yake ya modeli, wala si kwenye programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mara moja; hizo tunazitoa kwenye mashine kila wiki. Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, rudi nyuma: katika Device Manager, fungua kifaa, nenda kwenye Driver, ubonyeze Roll Back Driver ikiwa kitufe hicho kinakubali.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu iache kompyuta ilale usiku tatu kabla ya kubadilisha kingine. Najua usiku tatu ni mwingi kwa mtu mwenye ripoti ya kuwasilisha. Lakini anayebadilisha vitu vitano jioni moja, na mashine ikapona, hajui kilichoiponya. Isipopona, hajui pia alichoongeza kuharibu. Vifaa vya USB unaweza kuvichomoa vyote usiku wa kwanza, kwa sababu havigharimu kitu: printa, modemu, kipanya chenye kipokezi, hata ile flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine tangu mwaka jana.

## Joto, begi na wadudu

12. Niliifunga Kisumu na kuitia begini. Nilipofika Nakuru nikaikuta ya moto na imezima. Je, imeungua?

Mara nyingi haijaungua. Usingizi wa kisasa huruhusu mashine kuamka kidogo kufanya kazi zake, na ikiwa kazi hiyo ni kusasisha Windows, prosesa hupata joto. Ndani ya begi, kati ya sweta na madaftari, joto halina pa kwenda. Kwa safari ya kilomita zipatazo 180, huku begi likiwa kwenye miguu ya abiria juani, mashine hufikia kiwango cha kujilinda na kujizima, au humaliza chaji.

Kabla ya safari usiilalishe. Tumia haibaneti au uizime. Unaweza kuifanya iwe tabia ya mashine yenyewe: katika Control Panel, fungua Power Options, kisha Choose what closing the lid does, uchague Hibernate. Kama unataka kujua nini kilikuwa kikiendelea begini, `powercfg /sleepstudy` itakupa ripoti ya kila usingizi na programu iliyousumbua.

13. Vumbi na wadudu vinaweza kuhusika?

Kwa usingizi wa S3 ni nadra, kwa sababu mashine haitoi joto la maana. Kwa usingizi wa kisasa, ndiyo. Niliwahi kufungua laptopu iliyokuwa ikikaa dirishani karibu na ufuo wa Dunga. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi na kuizunguka taa usiku, walikuwa wamevutwa na feni hadi kwenye mapezi ya kipoza joto, wakakauka humo wakawa utando wa mbawa nyembamba kama maganda ya kitunguu. Upepo haukuwa ukipita hata kidogo. Tulitoa utando huo kwa koleo ndogo, kipande kimoja, kama kitambaa.

## Marekebisho

14. Nikiacha usingizi na kutumia haibaneti, nitaiharibu SSD, ile diski isiyozunguka?

Hofu hii imeenea kuliko inavyostahili. Tuseme mashine yako huandika gigabaiti 4 kila inapoingia haibaneti, nawe hufanya hivyo mara mbili kwa siku. Hizo ni gigabaiti 8 kwa siku, karibu terabaiti 2.9 kwa mwaka. SSD ndogo kama Kingston A400 ya gigabaiti 240 imekadiriwa na watengenezaji wake kuvumilia terabaiti 80 za kuandikwa. Piga hesabu: ni zaidi ya miaka 27. Mashine yenyewe itakuwa imeuzwa mara nne.

Kwa mtu anayeishi penye stima ya kubahatisha, ushauri wangu ni haibaneti bila kusita. Kuamka huchukua sekunde chache zaidi, na kazi yako inakuwa kwenye diski. Ikiwa Hibernate haionekani kwenye menyu, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `powercfg /h on`, kisha uiongeze kupitia Choose what the power buttons do. Kwa kompyuta ya mezani, kuna pia usingizi mseto, ambao huandika nakala kwenye diski na wakati huo huo kuilisha RAM. Ukiuwasha, stima ikikatika, nakala ipo.

15. Huwa ninaizima kila jioni, lakini asubuhi ina matatizo yale yale. Kuzima hakusafishi?

Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu. Kuna Fast Startup, ambayo huhifadhi kiini cha Windows pamoja na draiva kwenye hiberfil.sys ili asubuhi mashine iwake haraka. Draiva iliyovurugika jana hurejeshwa ikiwa imevurugika vile vile. Restart ndiyo husafisha. Unaweza pia kushikilia Shift unapobonyeza Shut down. Wakati wa uchunguzi, izime Fast Startup kabisa.

16. Nisasishe BIOS?

Inasaidia mara nyingi, kwa sababu BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya mashine yenyewe, ndiyo inayoamrisha madabodi kulala na kuamka. Lakini stima ikikatika katikati ya zoezi hilo, unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa. Fanya asubuhi, si alasiri ya mawingu. Laptopu iwe na betri nzima na chaja pia, na kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS uliyoipima kama ilivyoelezwa katika swali la 7. Betri iliyochoka ya swali la 4 haihesabiwi.

17. RAM mbovu inaweza kujificha hadi mashine ilale?

Inaweza. Andika `mdsched` katika kisanduku cha kutafutia, ukubali kuanzisha upya, uiache ipime. Ikiwa kompyuta ina vijiti viwili vya RAM vya kampuni au kasi tofauti, kama ilivyo kawaida kwa mashine zilizoongezewa RAM huku, toa kimoja, uilaze usiku mmoja, kisha ubadilishane.

## Mambo ya pembeni

18. Mbona laptopu hulala ghafla ninapoitumia, kisha haiamki hadi niisogeze?

Angalia sumaku. Laptopu nyingi hutambua kufungwa kwa kutumia sumaku ndogo kwenye kifuniko. Ukiiweka juu ya laptopu nyingine, au ukalaza kando ya kibodi simu yenye kava la sumaku, itadhani imefungwa. Isogeze. Hakuna ukarabati unaohitajika wala malipo, ingawa wateja wengine hawaamini.

19. Ninatumia Linux, au Mac. Nifanyeje?

Kwenye Linux, `cat /sys/power/mem_sleep` itaonyesha s2idle au deep. Iliyozungushiwa mabano ndiyo inayotumika, na deep ndiyo S3. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo la Sleep State ndani ya BIOS, lenye Linux kama mojawapo ya majibu. Chaguo hilo hurudisha S3. Baada ya mashine kufa, `journalctl -b -1` husoma daftari la mara iliyopita, na mstari wa mwisho ndio wenye habari. Kwenye Mac, `pmset -g log` hutoa historia ya kulala na kuamka.

20. Nimepoteza kazi iliyokuwa wazi. Inaweza kupatikana?

Iliyokuwa kwenye RAM peke yake haipatikani, na anayekuahidi kuitoa anakudanganya. Lakini Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipokuwa imebadilishwa, kwa hiyo ifungue Word yenyewe kabla ya kuifungua faili ya zamani, utazame upande wa kushoto. Usihifadhi chochote juu ya faili ya awali hadi uwe umeilinganisha na nakala hiyo.

21. Nikiamua kuileta kwa fundi, nije na nini?

Njoo na zile tarakimu tatu za swali la 9, tarehe na saa za vifo viwili au vitatu vya mwisho, na jibu la kama taa zilikuwa zikiwaka. Tuambie pia kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza, hata kama unaona hakihusiani: RAM iliyoongezwa, printa mpya, kuhamia chumba kingine. Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Na uje na chaja yako mwenyewe, ile ile unayoitumia nyumbani, hata kama waya wake umefungwa kwa seloteipu na unaona haya kuitoa mfukoni. Mara nyingi hiyo ndiyo tunayotaka kuiona kabla ya kompyuta.